Karatasi 21 ambazo sikuziandika: Nani huamrisha printa ya saiba?

Jumatatu moja saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye saiba fulani katikati ya jiji, orofa ya kwanza, mahali ambapo ngazi zinanukia chipsi za jana usiku. Mkononi nilikuwa na fleshi. Ndani ya fleshi kulikuwa na ripoti ya mradi wangu wa mwaka wa nne: kurasa 64 katika faili saba, kwa sababu kila sura nilikuwa nimeiandika kivyake na jalada nalo likawa na faili lake. Nilihitaji nakala tatu kabla ya saa sita.

"Kastoma, ni ngapi ngapi?" mhudumu aliuliza bila kuinua macho.

"Tatu tatu. Nyeusi tu, hakuna kala."

"Sawa. Nitakufanyia tano tano juu ni nyingi."

Hesabu nilishaipiga nikiwa kwa matatu. Kurasa 64 mara tatu ni 192, mara shilingi tano ni 960. Mfukoni nilikuwa na 1,100. Nauli ya kurudi Kangemi ilikuwa imo, na chai pia kama ningeibana bana.

Printa ikaanza kutema. Ili nakala zisichanganyike, jamaa alituma kila faili mara tatu, na sikuona ubaya. Alipomaliza alitazama mashine, akabonyeza kikokotoo, akaniambia, "Ni 1,065."

Nikadhani amekosea. La. Mashine ilikuwa imetoa karatasi 213. Nilipopekua rundo nikaona kwamba kabla ya kila faili kulikuwa na karatasi moja yenye neno ADMIN kwa herufi kubwa, namba, tarehe na saa. Hakuna kingine. Faili saba mara tatu, karatasi 21. Shilingi 105 za kuambiwa kwamba kompyuta inaitwa ADMIN.

"Hizo siwezi toa, bosi. Printa ndio huzitoa yenyewe. Na karatasi imeenda."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wenye haraka kama mimi. Nikalipa. Nikabaki na 35, ambayo haifikishi mtu Kangemi.

Hilo halikuwa baya zaidi. Saa tano na nusu msimamizi wangu alifungua sura ya nne, ambako kulikuwa na grafu zangu. Kila moja ilikuwa na mistari mitatu ya rangi ya kijivu iliyotofautiana, na kwenye skrini ilionekana wazi kabisa. Kwenye karatasi mistari yote mitatu ilikuwa kivuli kimoja. Alisogeza ukurasa karibu na dirisha, akausogeza mbali, akaniuliza, "Hii umechapisha na maji?" Kisha akanirudishia nakala zote tatu. "Niletee yenye inasomeka kesho saa tatu. Baada ya hapo mimi naingia kwa kikao."

Miezi minane ya kazi, na kilichonirudisha nyumbani ni printa.

Mistari usiyoiona

Jioni hiyo, kwa pesa za kukopa, niliingia saiba moja Kangemi ambayo mwenyewe ni dada aliyefanya kazi ya kutengeneza printa mjini kabla ya kufungua duka lake. Nilimwonyesha ile aibu. Hakucheka. Alichukua ukurasa mmoja, akausugua kwa kidole, akautazama kwa pembeni, akasema, "Printa haina makosa. Inafanya yenye imeambiwa. Swali ni nani aliiambia."

Kwa saa nzima iliyofuata, kati ya kastoma mmoja na mwingine, alinifungulia macho. Mengine nimeyasoma baadaye mwenyewe.

Unapobonyeza kuchapisha, maneno yako hayaendi kwa printa yakiwa peke yake. Mbele yake hutangulia mistari ya amri. Kwenye printa nyingi za leza lugha ya amri hizo huitwa PJL. Ilibuniwa na kampuni ya HP na watengenezaji wengine wakaipokea. Mashine za Kyocera, zile kubwa za maduka ya fotokopi, zina lugha yao ya zamani pia, PRESCRIBE, ambayo amri zake hufunguliwa kwa !R! na kufungwa kwa EXIT. Ukiweza kuchungulia faili linavyosafiri kwa waya kwenda kwa printa ya PJL, utakuta kitu kama hiki:

@PJL JOB
@PJL SET COPIES=3
@PJL SET RESOLUTION=600
@PJL SET ECONOMODE=OFF
@PJL SET DUPLEX=ON
@PJL ENTER LANGUAGE=PCL

Ukiisoma taratibu si uchawi. Kazi inaanza. Toa nakala tatu. Tumia nukta 600 kwa kila inchi. Usibane wino. Chapisha pande mbili. Mwisho, printa inaambiwa ibadilishe lugha kwa sababu sasa kurasa zenyewe zinakuja. Hakuna mtu wa saiba anayeandika mistari hii kwa mkono. Huandikwa na draiva, ile programu ya printa iliyo ndani ya kompyuta, kulingana na vile visanduku ambavyo mtu aliviwekea tiki. Au aliviwekea mwaka jana na kusahau.

Hapo ndipo nilipoumia. PJL ina maneno mawili yanayofanana lakini hayafanyi kazi moja. SET ni amri ya kazi hiyo moja. Ikiisha, printa inarudi ilivyokuwa. DEFAULT hubadilisha hali ya kudumu, na hata ukizima umeme na kuwasha, printa huamka nayo. Windows nayo ina kamchezo hako hako. Ukibadilisha kitu kwenye dirisha la kuchapisha la programu unayotumia, hicho ni chako na cha sasa. Ukienda kwenye mipangilio ya printa yenyewe na kubadilisha Printing Defaults, umewabadilishia wote watakaokuja kesho.

Kwa hiyo mtu mmoja kule mjini alibana wino siku moja, akabana kwa kila mtu. Na mtu huyo huyo, au mwingine kabla yake, aliwasha karatasi za utambulisho.

(Kwa wale watundu: PJL ina amri nyingine, RDYMSG, inayobadilisha maneno kwenye kioo kidogo cha printa. Kuna masihara ya miaka mingi ya wanafunzi wa kompyuta duniani ya kuifanya printa ya ofisi iandike INSERT COIN, watu waanze kutafuta mahali pa kutumbukiza sarafu. Usiijaribu mahali unapofanya atachimenti. Nimekwambia.)

ADMIN ni nani?

Karatasi ya utambulisho haikubuniwa ili kukunyang'anya shilingi tano. Ilitoka enzi za kompyuta kubwa, pale printa moja ilipotumiwa na idara nzima. Karatasi zilitoka kwa mfululizo na mtu wa chumba cha mashine alihitaji kujua kazi ya nani inaishia wapi. Jina, namba ya kazi na saa vikatosha. Katika ofisi yenye watu 40 na printa moja koridoni, bado ina maana.

Katika saiba haina maana yoyote. Kompyuta moja ndiyo hutuma kila kitu, kwa hivyo jina ni lile lile asubuhi hadi jioni. Mteja amesimama hapo hapo akisubiri kazi yake.

Kwenye Windows huwa ni faili dogo tu lenye jina linaloishia .sep, ndani ya folda ya System32. Mbili tatu hivi huja na Windows yenyewe. Unaweza kulifungua kwa Notepad na kuona matumbo yake: herufi N baada ya alama fulani huweka jina la mtumiaji, I namba ya kazi, D tarehe, T saa. Kuizima hakuhitaji fundi. Unafungua mipangilio ya printa, unaingia Advanced, unabonyeza Separator Page, unafuta jina la faili lililo hapo, unakubali. Yule dada alinionyesha kwa kompyuta yake na ilimchukua muda mfupi kuliko kumrudishia kastoma chenji.

Wanaotumia Linux au Mac wana mfumo uitwao CUPS, na huko karatasi hii inaitwa job-sheets. Ukituma kazi kwa amri ya lp, unaongeza -o job-sheets=none na basi. Ukitaka iwepo, unachagua ya kawaida au zile zilizopigwa mhuri wa usiri. Kuna confidential, kuna secret, kuna topsecret kabisa. Nilichapisha ratiba yangu ya mitihani na topsecret juu yake, kwa raha zangu tu. CUPS pia hukuruhusu kuchagua ubora kwa namba: print-quality=3 ni rasimu, 4 ni kawaida, 5 ni bora zaidi.

Karatasi hii inaweza pia kukuchoma kwa njia nyingine. Rafiki yangu alikuwa atachimenti katika ofisi moja Westlands, na siku moja wakati wa lanchi akachapisha CV yake ya kuomba kazi kwingine. Aliichukua mbio kutoka kwa trei kabla mtu hajaja. Aliyoisahau ni karatasi ya juu, ambayo ilikuwa imetangulia na kuanguka kando: jina lake na jina la faili, neno kwa neno, likiwa na jina la kampuni aliyokuwa anaiomba. Bosi wake ndiye aliyeiokota, akamletea kwa meza. "Nadhani hii ni yako." Hakufukuzwa. Lakini wiki tatu zilizobaki zilikuwa ndefu.

Printa nyingi za ofisi zina dawa ya hilo. Unachagua kazi ihifadhiwe ndani ya mashine hadi usimame mbele yake na kuingiza PIN. Na hata kabla ya PIN, faili unaweza kuliita jina lisilosema chochote.

Wino unaobanwa, na anayeubana

Turudi kwa grafu zangu. Nilikuwa nimeamini kwamba kilichoziua ni nukta kuwa chache. Dada akasema hapana. Ukurasa wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi una nukta karibu milioni 35. Kwa 300 ni chini kidogo ya milioni tisa. Kwa 300 herufi ndogo huwa na kingo zenye meno na picha hukwaruza, lakini mstari mweusi bado unakuwa mweusi. Kinachofanya ukurasa uonekane umefuliwa ni kile kitufe cha kubana wino, ambacho HP hukiita EconoMode na Kyocera EcoPrint. Kinaipunguzia karatasi tona. Maneno meusi husomeka bado, kijivu kizito kinakuwa kijivu chepesi, na kijivu chepesi kinapotea kabisa. Grafu yangu ilikuwa na aina tatu za kijivu. Unaweza kumalizia mwenyewe.

Na mwenye saiba ana sababu zake, tusimtukane bure. Katriji ya HP ya 85A, ile inayojulikana na kila mtu wa saiba, imekadiriwa kutoa kurasa 1,600. Lakini makadirio ya namna hiyo hupimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika asilimia tano tu ya karatasi, yaani barua ya kawaida. Wewe unakuja na bango la kanisa ambalo nusu yake ni weusi mtupu. Ukurasa mmoja kama huo unakula tona ya kurasa kumi za barua, na bado unataka kulipa shilingi kumi. Ndiyo maana katriji nyingi mjini hujazwa upya tena na tena, na ndiyo maana kubana wino kukiwashwa hakuzimwi.

Hata hivyo HP wenyewe hawapendekezi EconoMode iwe imewashwa wakati wote. Sababu yao ni ya kiufundi: tona inaweza kudumu kuliko vyuma vilivyo ndani ya katriji, kisha ubora ushuke hata kabla tona haijaisha. Mimi sababu yangu ni rahisi zaidi. Ukinitoza bei ya ukurasa mzima, nipe ukurasa mzima. Ukitaka kubana, niulize, pengine nitakubali kwa bei ya chini. Rasimu ya kusahihisha nyumbani haihitaji weusi wa makaa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mradi hulijua wakiwa wamechelewa, nalo ni jalada. Karatasi ya kawaida ya saiba ni ya gramu 80 kwa mita mraba. Jalada la kadi linaweza kuwa gramu 160, hata zaidi ya 200. Tona ni unga, na unga huo hushika karatasi kwa kuyeyushwa na joto. Kadi nene inataka joto zaidi au mwendo wa polepole, na printa haiwezi kujua umeweka kadi usipoiambia. Kama mipangilio inasema karatasi ya kawaida, jalada litatoka likiwa zuri kabisa, utalibeba kwa begi, na ukifika shule jina lako litakuwa limebanduka na kubaki kwenye kitabu kingine. Kwenye draiva kuna sehemu ya kusema ukurasa wa kwanza uchukuliwe kutoka trei nyingine na ni wa kadi. Ukurasa wa pili na kuendelea ni kawaida. Kazi moja, amri mbili.

Pande mbili nazo zina mtego wake. Waulize walioenda kutafuta cheti cha mwenendo mwema, ile tunayoiita tu gudi kondakti. Fomu ya C24 inayotoka eCitizen hutakiwa iwe karatasi moja, mbele na nyuma. Watu huenda na karatasi mbili zilizobanwa kwa stepla, wanafika mbele kwenye alama za vidole na kurudishwa. Na hata ukisema pande mbili, kuna kugeuza kwa ukingo mrefu na kwa ukingo mfupi. Ukikosea, nyuma inakuja ikiwa imesimama kwa kichwa.

Kwa kaunta

Siku hizi nikiingia saiba naongea kabla ya kutoa fleshi. Nauliza kama kubana wino kumewashwa. Nauliza kama kuna karatasi inayotangulia kila kazi, na kama ipo, nani anailipia. Faili zangu zote nazigeuza kuwa PDF moja, maana kazi moja ina karatasi moja ya utambulisho hata kama itakuwepo, na nakala tatu naomba zipangwe na printa yenyewe badala ya kutumwa mara tatu. Kisha naomba ukurasa mmoja tu kwanza, ule mgumu kuliko wote. Kwangu ulikuwa ukurasa wa 41, wenye grafu. Wahudumu wengine wananitazama kama mimi ndiye mwenye shida. Wengi hawajali, mradi foleni si ndefu.

Na nikimaliza, naomba faili langu lifutwe kwa kompyuta huku nikitazama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haiji kusimama kaunta pale mtaani. Nimewahi kununua njugu zilizofungwa kwa fomu ya mkopo ya mtu, namba ya kitambulisho ikiwa pale juu inasomeka vizuri. Hiyo ilichapishwa bila kubana wino.

Yule dada wa Kangemi alinichapishia ukurasa wa 41 mara mbili usiku ule. Wa kwanza ulikuwa na kubana, wa pili bila. Aliziweka sambamba kwenye kaunta na hakusema kitu. Kwenye ya pili ungeweza kufuata kila mstari kwa kidole hadi mwisho. Halafu akachapisha nakala zote, 192, hakuna hata moja zaidi, na alipofika hesabu akasema nitalipa 900 kwa sababu alikuwa anafunga.

Kesho yake saa mbili unusu nilikuwa mlangoni kwa msimamizi. Alifungua sura ya nne, akasoma kama dakika mbili, akasema grafu ya tatu haina kipimo kwenye mhimili wa wima. Ni kweli haikuwa nacho. Kosa langu hilo, si la printa.

Zile karatasi 21 bado ziko nyumbani. Upande wa nyuma ni safi, na mdogo wangu anazifanyia hesabu za shule. Akizimaliza kabisa atakuwa ameandika jina lake chini ya ADMIN mara 21.